Kiti Kimoja, Wachekaji Wengi: Tathmini ya Game of Thrones, Riwaya Zake na Mizaha ya Mashabiki

Anayeingia leo katika ulimwengu wa Game of Thrones hukuta vitu vitatu vikimngoja. Kuna tamthilia yenye misimu 8 na sehemu 73, iliyorushwa na kituo cha televisheni cha Marekani, HBO, kuanzia Aprili 17, 2011 hadi Mei 19, 2019. Kuna riwaya 5 nene za George R. R. Martin, ambazo ndizo chimbuko la tamthilia hiyo na ambazo hazijafika tamati. Halafu kuna mizaha ya kuiga, yaani video, vikaragosi, maigizo na picha zenye maneno ya utani, ambayo mashabiki na wachekeshaji wameitunga kwa wingi tangu misimu ya mwanzo. Watu wengi huichukulia mizaha hiyo kama makombo ya karamu, kitu cha kuokota baada ya wakubwa kula. Mimi nakataa. Ninaitathmini kazi hii yote kwa pamoja kwa sababu naamini kwamba mizaha bora imeisoma Game of Thrones kwa jicho kali kuliko wakosoaji wengi wa magazeti, na kwamba mtu akiisoma riwaya, akaitazama tamthilia, kisha akacheka na mizaha, anaona mambo ambayo hakuna kimojawapo kinachoweza kumwonyesha peke yake. Asiyetaka kuharibiwa utamu wa kisa aishie hapa, maana nitataja vifo na wauaji bila kuficha.

Kisa chenyewe, kwa asiyekijua, ni hiki: katika bara la Westeros koo kadhaa za watawala zinagombea Kiti cha Enzi cha Chuma, huku kaskazini, nyuma ya Ukuta mrefu wa barafu, wafu wakianza kutembea, na ng'ambo ya bahari Daenerys, binti wa ukoo uliopinduliwa, akilea majoka matatu. Ukisimuliwa hivyo utadhani ni hadithi ya panga na mazimwi tu. Panga zimo, tena nyingi, lakini nguvu ya misimu minne ya kwanza imo katika watu wawili waliokaa chumbani wakizungumza.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni mazungumzo ya Mfalme Robert na Malkia Cersei katika sehemu ya tano ya msimu wa kwanza. Mark Addy na Lena Headey wameketi na mvinyo wao, na Robert anamwuliza mkewe ni namba ipi iliyo kubwa, tano au moja. Cersei anajibu tano, kama ambavyo mtu yeyote angejibu. Robert anatandaza vidole vya mkono mmoja, hizo tano. Kisha anakunja ngumi ya mkono wa pili, hiyo moja: jeshi moja, kiongozi mmoja, nia moja. Baadaye kidogo anauliza ni nini hasa kinachoushikilia ufalme wao usisambaratike, na Cersei anamjibu kwamba ni ndoa yao. Wote wawili wanaangua kicheko. Ni kicheko cha watu waliochukiana kwa miaka 17 na ambao kwa dakika chache wamechoka kuchukiana. Kisha Cersei anauliza kuhusu Lyanna, mwanamke ambaye Robert alimpenda na ambaye vita nzima ilipiganwa kwa ajili yake, na mfalme anakiri kwamba hata sura yake haikumbuki tena. Hakuna damu iliyomwagika, hakuna joka lililoruka, na bado mtazamaji anaondoka akijua kwa nini ufalme huo lazima uanguke.

Mazungumzo hayo hayamo katika riwaya, wala yasingeweza kuwamo. Martin ameigawa kazi yake katika sura zinazobeba jina la mhusika mmoja mmoja, na ndani ya sura hiyo msomaji huona, husikia na kujua yale tu ambayo mhusika huyo anayaona, anayasikia na kuyajua. Riwaya ya kwanza, iliyotoka mwaka 1996, ukiacha dibaji yake, ina wahusika wanane wa namna hiyo, na Robert na Cersei hawamo. Cersei anapata sura zake katika riwaya ya nne, mwaka 2005. Robert hakuwahi kupata hata moja kabla ya nguruwe mwitu kummaliza. Kamera haina kizuizi hicho. David Benioff na D. B. Weiss, waliotunga tamthilia hiyo, walilitumia pengo hilo vizuri sana katika misimu ya mwanzo, na huenda hakuna walipolitumia vizuri kuliko katika msimu wa pili, walipomfanya Arya, binti mdogo wa ukoo wa Stark, kuwa mnyweshaji wa Tywin Lannister, baba wa Cersei, katika ngome ya Harrenhal. Katika riwaya, Arya anamnywesha bwana mwingine, Roose Bolton. Mabadiliko hayo yalitupa Charles Dance na Maisie Williams mezani pamoja, mzee asiyejua kwamba anazungumza na mtoto wa adui yake na mtoto anayejua kila kitu, na sioni mpenzi wa riwaya anayeweza kulalamika kwa haki.

Hata hivyo, kizuizi hichohicho ndicho kinachoipa riwaya utajiri ambao televisheni haina namna ya kuufikia. Chukua habari za Sansa Stark. Katika riwaya ya pili, usiku wa vita vya Blackwater, Sandor Clegane anaingia chumbani kwake akiwa amelewa na amejaa hofu ya moto, anamtisha kwa kisu, anamlazimisha aimbe, kisha anaondoka. Hakumbusu. Msomaji alikuwepo, anaweza kurudi nyuma kurasa kadhaa akahakikisha. Lakini katika riwaya zinazofuata Sansa anakumbuka kwamba Sandor alimbusu, na mwandishi hasemi lolote kumsahihisha. Msichana aliyelelewa kwa nyimbo za mashujaa ameitengeneza kumbukumbu yake mwenyewe ili ubaya aliotendewa uweze kukalika nao. Kamera ingelazimika kuonyesha busu au kutoonyesha. Ukurasa unaweza kufanya yote mawili, miaka kadhaa ikipita katikati, na kumwachia msomaji kazi ya kutambua. Kuna mambo ya aina hii kwa makumi, na ndiyo yanayomfanya mtu azirudie riwaya hizi hata baada ya kujua nani anakufa wapi.

Mahali pa kuzilinganisha kazi hizi mbili kwa haki ni ile Harusi Nyekundu, karamu ambamo ukoo wa Frey unawaua wageni wake wa ukoo wa Stark, kwa kuwa kila upande uliweka nguvu zake zote pale. Martin amesema kwamba aliipata mbegu yake katika historia ya Uskoti, hasa Karamu Nyeusi ya mwaka 1440 na mauaji ya Glencoe ya mwaka 1692, ambamo wageni na wenyeji walisalitiana chini ya dari moja. Katika riwaya ya tatu, ya mwaka 2000, tumo ndani ya Catelyn Stark. Tunakereka pamoja naye kwa jinsi wanamuziki wanavyopiga vibaya, bila kushuku kwamba wanapiga vibaya kwa sababu kazi yao halisi ni kurusha mishale. Anamshika mkono mmoja wa vijana wa ukoo wa Frey, na chini ya hariri vidole vyake vinagusa pete za chuma za deraya. Kuanzia hapo tunakwenda naye mpaka akili yake inapokatika, na sura inakatika pamoja nayo. Tamthilia, katika sehemu ya tisa ya msimu wa tatu, ilihamishia deraya hiyo kwa Roose Bolton na ikamweka ukumbini mke wa Robb, mwana wa Catelyn, akiwa mjamzito, ilhali katika riwaya mke huyo, ambaye ni mtu mwingine kabisa kwa jina na asili, hakuhudhuria. Kuuawa kwa mjamzito kulinikera. Niliona ni ukatili uliozidi kipimo katika tukio ambalo halikuhitaji kuongezewa chochote. Lakini Michelle Fairley, kwa kilio kimoja na macho yaliyozimika kabla hajaguswa, alifanya kazi ya kurasa tatu. Majina ya watengenezaji yalipita baadaye bila muziki.

Hapo ndipo mashabiki walipoingia. Waliokwisha kusoma walikuwa wameitunza siri hiyo kwa miaka 13, na baadhi yao, Juni 2013, waliweka simu zao pembeni na kuwarekodi rafiki na ndugu wasiosoma wakati wakitazama. Video hizo za watu waliofumba midomo kwa viganja zilienea kote. Si mizaha kwa maana kamili, lakini zinaonyesha asili ya furaha yote ya mizaha iliyofuata: kujua jambo ambalo mwenzako halijui, kisha kumtazama usoni.

Miongoni mwa mizaha yenyewe, ninayoiweka juu ya yote ni ile ya chaneli ya YouTube ya Bad Lip Reading ya mwaka 2013, iitwayo Medieval Land Fun-Time World. Mbinu yake ni rahisi kueleza na ngumu kutekeleza. Mtunzi anachukua picha halisi za tamthilia, anafuta sauti, kisha anaweka maneno mapya ya kipuuzi yanayolingana na mwendo wa midomo ya waigizaji. Matokeo yake ni kwamba Ned Stark, yule bwana wa kaskazini asiyecheka, anageuka kuwa meneja wa bustani ya burudani anayehangaika kuwapanga wafanyakazi wazembe kabla ya siku ya ufunguzi. Mara ya kwanza mtu anacheka kwa sababu ya maneno. Mara ya pili anaanza kuona kitu kingine: Sean Bean hajabadilika. Uzito uleule wa uso, uchovu uleule wa mtu anayebeba wajibu asioutaka, unafaa kabisa kwa meneja aliyechoka na vijana wasiofika kazini kwa wakati. Mzaha huo unathibitisha, bila kukusudia kuhubiri, kwamba uigizaji wa msimu wa kwanza ulikuwa umejengwa juu ya tabia za watu, kiasi kwamba ukiondoa ufalme, panga na maneno yote, mtu bado yupo.

Mwaka huohuo kulitoka School of Thrones, mfululizo mfupi wa mtandaoni ulioihamishia vita ya koo katika shule ya sekondari, ambako wanafunzi wanagombea kuwa mfalme na malkia wa dansi ya kumaliza mwaka. Wazo lake ni zuri kuliko utekelezaji wake, lakini wazo hilo lina ukweli: fitina za kasri la kifalme, ukiondoa vifo, ni fitina za vijana wanaopimana hadhi. Ikumbukwe kwamba katika riwaya Jon na Robb, waliolelewa pamoja na Ned Stark, wana miaka 14 mwanzoni, na Daenerys ana 13. Tamthilia iliwaongezea umri wote. Mzaha huo wa shule, kwa namna ya ajabu, uko karibu na umri wa riwaya kuliko tamthilia yenyewe. Sesame Street nayo mwaka 2015 ilitoa Game of Chairs, ambamo vikaragosi wanakimbizana kugombea viti muziki unaposimama. Ni kwa ajili ya watoto, inakwisha kwa dakika chache, na inaeleza muundo wa kisa kizima vizuri kuliko muhtasari wowote ulio nyuma ya jalada.

Sipendi kila kilichotungwa. Sehemu kubwa ya mizaha haina zaidi ya manyoya ya mbuzi begani, lafudhi ya kaskazini ya Uingereza na utani wa watu walio uchi, ambao tamthilia yenyewe ilikuwa imekwisha kuustahili na kuuchosha. Mtu anayefanyia mzaha uchi huo na kuishia hapo anakuwa hajatazama. Katuni ya South Park, katika visa vyake vitatu vya mwaka 2013, ilianza kwa utani wa namna hiyo, lakini ilikuwa na kitu cha ziada: inamwonyesha Martin akiwaahidi watoto kwamba piza ziko njiani, kama vile majoka yanavyoahidiwa, na piza hazifiki. Wakati ule riwaya ya tano ilikuwa na miaka miwili tu sokoni, kwa kuwa ilitoka Julai 2011. Riwaya ya sita, The Winds of Winter, imeahidiwa kwa muda mrefu kiasi kwamba utani huo umeacha kuwa utani na kuwa taarifa.

Ucheleweshaji huo una sababu inayoonekana ndani ya maandishi yenyewe, na hapa lazima niseme udhaifu wa riwaya, ambao wapenzi wake huwa wepesi kuusamehe. Baada ya riwaya ya tatu, Martin alikuwa na wahusika wengi na njia nyingi mno, akaamua kuugawa mswada kwa kufuata mahali: riwaya ya nne ikabaki na watu wa kusini na visiwani, ya tano ikawachukua Tyrion, ndugu wa Cersei, Jon na Daenerys kwa kipindi kilekile. Aliyempenda Tyrion katika kitabu cha mwaka 2000 alisubiri miaka 11 kumwona tena akiwa na sura zake. Ukiongeza orodha za vyakula, ambapo harusi ya Joffrey, mwana wa Cersei, peke yake inaletewa sahani 77, unaelewa kwa nini wachekeshaji hawakuhitaji kutafuta mbali. Anayechoshwa na kurasa hizo ajaribu usomaji wa sauti wa Roy Dotrice, aliyetambuliwa na kitabu cha rekodi cha Guinness kwa kuwapa sauti wahusika 224 katika riwaya ya kwanza. Orodha ya vyakula kinywani mwake inakuwa karibu na shairi.

Tamthilia ilipita mwisho wa riwaya za Martin mwaka 2016, na kuanzia hapo mizaha ikawa kali zaidi kwa sababu ilikuwa na hoja. Katika sehemu ya kwanza kabisa ya tamthilia, Cersei analalamika kwamba wamesafiri kwa mwezi mzima kufika Winterfell, ngome ya ukoo wa Stark. Umbali ulikuwa na uzito. Habari zilichelewa, na kuchelewa kwa habari kuliua watu. Katika sehemu ya sita ya msimu wa saba, Gendry anakimbia kwa miguu hadi Ukutani, kunguru anaruka hadi kisiwa cha Dragonstone, na Daenerys anawasili na majoka yake kabla wenzake Gendry waliozingirwa na wafu juu ya barafu hawajauawa. Mashabiki walitengeneza ramani na hesabu za mwendo wa kunguru huyo, na watu wazima walibishana kwa dhati kuhusu kasi ya ndege. Kulikuwa na kichekesho, lakini lalamiko lilikuwa sahihi kabisa: kanuni iliyoupa ulimwengu huo uzito wake ilikuwa imetupwa ili kuokoa muda. Msimu wa saba ulikuwa na sehemu 7, wa nane 6, na mimi siamini kwamba tatizo ni kule kisa kilikofika. Daenerys kuuchoma mji kwa moto ni jambo ambalo riwaya zinaliandaa tangu mapema. Tatizo ni kwamba tulipelekwa huko kwa kasi ya yule kunguru.

Haki itendeke pia kwa yaliyo mema ya misimu hiyo ya kati. Vita vya Hardhome, katika msimu wa tano, vimo katika riwaya kama barua tu, ambayo Jon anaisoma akiwa mbali: wafu porini, wafu majini. Barua hiyo inatisha kwa sababu ni fupi. Tamthilia iliigeuza kuwa vita kamili, na inaisha na Mfalme wa Usiku, kiongozi wa wafu, akisimama gatini na kuinua mikono yake polepole, maiti wakifumbua macho. Hapa sichagui upande. Vilevile muziki wa Ramin Djawadi haukushuka kiwango hata maandishi yaliposhuka. Kinanda kinachoingia katika sehemu ya mwisho ya msimu wa sita, chombo ambacho tamthilia haikuwa imekitumia kabla, kinamwambia mtazamaji kwamba kuna jambo baya linakuja dakika kadhaa kabla ya mhusika yeyote kujua.

Na Mei 2019, katika sehemu ya nne ya msimu wa mwisho, kikombe cha kahawa cha kisasa kilionekana mezani mbele ya Daenerys katika karamu ya Winterfell. HBO ilikifuta kwa kompyuta baada ya siku mbili, na ikatoa taarifa kwamba kahawa hiyo ilikuwa kosa, kwa kuwa Daenerys alikuwa ameagiza chai ya mitishamba. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo sentensi ya kuchekesha kuliko zote zilizotoka kwa wenye tamthilia katika msimu ule, na inaonyesha kwamba kufikia hapo hata wao walikuwa wamejifunza kuzungumza kwa lugha ya mashabiki wao.

Kwa anayeanza sasa, utaratibu ninaoupendekeza ni huu. Asome riwaya ya kwanza kabla ya kutazama msimu wa kwanza, maana ndiyo inayofuatwa kwa uaminifu zaidi, na kuilinganisha ni raha. Kuanzia msimu wa pili atazame kwanza, kisha asome, ili yale mabadiliko yamshangaze upande wa kitabu. Mizaha ya mwaka 2013 aiache mpaka amalize msimu wa tatu, na ajiepushe na picha za mhusika Hodor na mlango kabla ya msimu wa sita, hata zikimjia bila kuzitafuta. Yule anayeogopa kuanza kisa kisicho na mwisho aanze na A Knight of the Seven Kingdoms, mkusanyo wa mwaka 2015 wenye visa vitatu vya Dunk, mpiganaji mrefu asiye na mali, na mtumishi wake mtoto mwenye kipara anayeficha yeye ni nani. Kila kisa kina mwanzo na mwisho wake, kurasa ni chache, na utani umo tayari ndani ya maandishi.